Kalamu ya Kenge na Mkoba wa Mama

"Unanusa nini wewe? Kwani chakula hicho?"

Ilikuwa saa saba mchana, ukumbi wa chini wa jengo la ofisi. Lifti moja mbovu, na mbele ya ile nzima watu wamebanana. Mwanamume mwenye furushi la ngozi begani aligeuka bila kutazama, furushi likampiga kikumbo mwanamke wa suti ya buluu, mkoba wake ukafunguka na kalamu ikabingirika katikati ya viatu vya watu. Mwanamume akaiokota. Badala ya kuirudisha, akaipeleka puani.

"Mbuni," alisema. "Ngozi ya mguu. Ya zamani, lakini safi."

"Rudisha kalamu yangu kabla sijaita askari."

"Asante nayo siku hizi imepanda bei, dada?"

Mwanamke alimnyang'anya kalamu na kupanda ngazi kwa miguu hadi ghorofa ya sita, amefura. Alikuwa karani wa masjala ya mahakama, kazi yake kulinganisha nyaraka na kuzigonga muhuri kwamba ni nakala halisi. Wenzake walimwita Bi Lenzi kwa sababu ya kioo cha kukuzia kilichoning'inia shingoni mwake kwa mnyororo. Nyumbani alikuwa na kalamu kumi na moja za wino za Kijapani, za zamani, zile zilizovishwa ngozi za wanyama wa ajabu. Katika chama cha wakusanyaji neno lake lilikuwa la mwisho. Akisema kitu ni halisi, wazee wenye mvi walinyamaza.

Na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuitambua ile ngozi kuwa ya mguu wa mbuni. Jambo hilo lilimkera mchana kutwa. Saa kumi alishuka hadi karakana ya mikoba iliyokuwa chini ya jengo, akiwa na kalamu nyingine mbili, ili amwumbue yule mwanamume wa furushi, fundi wa karakana hiyo. Hakufanikiwa. Walibishana mpaka mlinzi akaja kufunga geti, kesho yake wakaendelea, na mwezi ulipokwisha walikuwa wanapendana na bado wanabishana.

"Mnusa ngozi, umekula?" Bi Lenzi alikuwa akipiga simu kila mchana.

"Nimekula, mpenzi. Wewe umegombana na wangapi leo?"

"Wawili tu."

"Wawili? Unaumwa?"

Kisha ikaja kalamu ya kenge. Alikuwa ameitafuta kwa miaka tisa, na siku kifurushi kilipofika kutoka ng'ambo alishuka karakana mbiombio, kilemba cha manjano kimelegea, anacheka peke yake. Mshono wa ngozi ulikuwa umefumuka kidogo, na maonyesho ya chama yalikuwa Jumamosi.

"Ubandike mshono tu," alisema. "Ukigusa kingine chochote, mimi na wewe basi."

Hiyo ilikuwa Jumatano. Ijumaa asubuhi fundi alimpelekea kalamu masjala. Haikupita robo saa, simu yake ikalia.

"Hii siyo ngozi yangu."

"Ni kalamu yako ileile."

"Nimesema ngozi! Magamba yalielekea kwenye nibu. Haya yanaelekea kwenye kifuniko. Umeipeleka wapi ngozi yangu?"

Fundi alisonya. Alikuwa amelaza magamba kama wanavyoyalaza mafundi wa mikoba, bila hata kufikiri. "Unaniita mwizi?"

"Nakuita unavyoitika."

Akakata simu, akashuka. Viatu vyake vilisikika tangu ghorofa ya tatu. Karakana ilinuka gundi na nta, mikanda imetundikwa ukutani, na fundi amesimama nyuma ya cherehani, mikono ameikunja juu ya aproni.

"Toa ngozi yangu."

"Siwezi."

"Umemuuzia nani?"

"Ondoka kwanza, hasira zipungue."

"Zangu hazipungui, zinaongezeka!"

Hapo mlango ukasukumwa kwa nguvu. Akaingia mama mnene wa makamo, amevaa gauni la hariri la kwendea harusini, mkononi ameshika mkoba wenye tundu ubavuni linalopitisha ngumi.

"Wewe mtoto! Mkoba alioninunulia marehemu baba yako! Kenge wangu! Umemkata ukampeleka wapi?"

"Mama..."

"Usiniite mama!" Kisha akamwona Bi Lenzi. "Ndiye huyu?"

"Shikamoo, mama," Bi Lenzi alisema, sauti imemshuka.

"Marahaba. Lakini sijafurahi kukuona."

Bi Lenzi alitazama mkoba, akatazama kalamu. Ngozi ilikuwa moja. Fundi akafungua droo, akatupa mezani kipande cha ngozi kilichonywea.

"Niliilowesha ili gundi ya zamani iachie. Magamba yakafutika. Ni ng'ombe, amepigwa chapa ya magamba. Umeuziwa feki."

Aliinama na kioo chake. Matundu ya vinyweleo vya ng'ombe yalikuwa pale, wazi kabisa. Uso ulimwaka.

"Ulijua lini?"

"Jumatano. Niliponusa."

"Ukanyamaza."

"Miaka tisa umeitafuta! Uliingia hapa unacheka, mpenzi. Ningeanzaje?"

"Kesho ningesimama mbele ya watu niseme ni halisi. Mimi! Ningewadanganya kwa mdomo wangu, na wewe umekaa mbele unanipigia makofi." Machozi yalimtoka, akachukia kwamba yamemtoka. "Ungekuwa mwizi ningekusamehe. Mimi sina kingine, nina neno langu tu, na wewe umelichezea."

"Hapo ana haki," mama mtu alisema.

"Mama!"

"Nyamaza. Na mkoba wangu?"

Bi Lenzi aliondoka. Fundi alimpigia simu mara tisa. Mara ya kumi akapokea, akasema, "Usinipigie," akakata.

Jumamosi saa nne fundi alikwenda kwenye maonyesho bila kualikwa, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi kwa hofu. Ukumbi ulijaa. Kalamu ya kenge ililazwa juu ya kitambaa cheupe, kando yake kile kipande kilichonywea, na kadi yenye mwandiko wa Bi Lenzi: *Ngozi ya kwanza: ng'ombe. Niliamini ni kenge, nilikosea. Ngozi ya sasa: kenge halisi, kutoka mkoba wa mama ambaye bado ana hasira. Imevishwa na fundi.*

"Bi Lenzi kapigwa!" mzee mmoja alicheka.

"Nimepigwa," alijibu. Alivaa gauni la kijani, na macho yake yalikuwa mekundu. "Sogea na wengine wasome."

Fundi akarudi mlangoni, akapiga simu. Ng'ambo ya ukumbi aliiona ikipokelewa.

"Umeandika 'fundi' tu."

"Ulitaka niandikeje?"

"Mume."

Bi Lenzi aliinua kichwa, akamtafuta kwa macho, akampata. Alimpenda, na alitamani kumpiga kofi.

"Kabla sijakujibu. Kuna kingine unanificha?"

Fundi angeweza kusema hapana, na mambo yangeisha pale.

"Kipo. Hiyo kalamu yako ya chatu iliyo mkononi kwa mwenyekiti wenu. Si chatu. Ni mbuzi aliyepakwa rangi."

"Tangu lini unajua?"

"Tangu tulipojuana. Niliogopa utaacha kushuka karakana."

Bi Lenzi aliondoa simu sikioni, akamwendea mwenyekiti, akaichukua kalamu kutoka mikononi mwake na kuikagua kwa kioo muda mrefu. Kisha akafuta neno kwenye kadi ya kalamu hiyo, akaandika *mbuzi* kwa herufi kubwa, akasogea kwenye kadi ya kenge na kubadilisha neno jingine. Simu akairudisha sikioni.

"Umeandika nini?" fundi aliuliza.

"Mchumba. Utapandishwa cheo uwe mume ukiacha kungoja mpaka uulizwe. Na mkoba wa mama yako ataushona nani?"

"Mimi."

"Basi njoo hapa, mjinga wewe, wananicheka peke yangu."

Fundi akakata simu kabla yake, akaenda.