Mkalimani wa Nyamu

Waliotembea mchana ule mjini Embu, mwaka wa 1955, walikuwa hawa: hakimu Mzungu aliyetoka Nairobi, Mwiti, askari Mmeru wa kambi ya hapo Embu, aliyepewa kumlinda, Aweys, Msomali mwenye malori, Wambeti, mjane wa kutoka Kibugu, na Njue wa Ireri, karani mkalimani. Hakimu alitaka kuonyeshwa kwa miguu kila mahali palipouawa mtu tangu Hali ya Hatari itangazwe, na Njue ndiye aliyeongoza njia.

Jua lilikuwa la kupendeza. Aweys hakuacha utani.

"Karani, leo umekuwa mchungaji. Angalia Mzungu wako asiingie mahindi ya watu!"

Mwiti alicheka hadi bunduki ikamcheza begani. Alikuwa mtu wa kucheka, na Kiingereza hakujua hata neno.

Walisimama darajani, mahali alipokatwa mapanga mzee wa kijiji. Wakasimama kwenye banda la Aweys, ambako mlinzi wake alinyongwa kwa kamba ya lori. Kila mahali Njue alitafsiri kama kazi ilivyomfunza: shahidi akisema "mimi", naye husema "mimi".

Kisha wakafika uwanja ulio nyuma ya soko.

Hapo ndipo askari wa serikali walipowapanga watu mstari, na watoa habari wakapitishwa mbele yao wamevikwa magunia, yametobolewa matundu ya macho tu. Gunia likiinamisha kichwa mbele yako, umekwisha. Nyamu, mwana wa pekee wa Wambeti, alichukuliwa hapo, akapigwa risasi kabla ya jua kutua. Hakuwa amekula kiapo chochote cha wapiganaji wa msituni. Alipakana shamba na Njue, na walikuwa wakigombania mpaka.

Ndani ya gunia lililoinamisha kichwa mbele ya Nyamu alikuwa Njue. Hakuna aliyejua. Na hakimu alikuwa ametangaza kwamba aliyemsingizia mtu hadi akafa, atashtakiwa kama muuaji.

"Mama, Nyamu alisimama wapi?" Njue aliuliza kwa Kiembu.

Wambeti alinyoosha kidole. "Hapo unapokanyaga, mwanangu."

Akafunga mdomo, akajitanda shuka usoni.

Lakini sauti iliendelea. Kiembu kile kile cha Kibugu. Sauti ya kijana, karibu na sikio. Hakimu alikuwa ameinama anaandika, na mdomo wa Njue ulikuwa tayari unatafsiri.

"Nilisimama hapa. Nilikuwa na kiu. Gunia liliponifikia, niliyajua macho yale."

Njue alitaka kunyamaza. Hakuweza.

"Ni mtu wa kwetu. Jina lake..."

Hakimu aliinua kichwa. "Jina lake nani?"

Njue wa Ireri, ilisema sauti. Njue wa Ireri. Njue. Akauma ulimi. Akatafuta jina lingine, lolote, na macho yake yakaangukia bunduki.

"Mwiti."

Mwiti alisikia ametajwa, akatabasamu. "Unanisifu kwa mkubwa, Karani?"

Hakimu aliandika. Sikioni mwa Njue, polepole, likaja lile swali ambalo magunia yaliulizwa siku ile.

"Una hakika?"

Njue akainamisha kichwa.

Jumapili iliyofuata alikwenda kambini kumwambia Mwiti ukweli, kabla hakimu hajamwita. Mwiti alimfungulia mlango akijikuna. Uso wake wote, tangu paji hadi kidevuni, ulikuwa na alama za msuko wa katani, zimezama kwenye nyama. Ngozi ilikuwa laini kuzunguka macho tu.

"Usinicheke," alisema. "Nimelala vibaya. Nimenawa mara ngapi sijui, haziondoki."

Njue alichungulia kitandani. Palikuwa na blanketi na shuka nyeupe. Hakukuwa na gunia popote.

"Ulikuwa na neno, ndugu yangu?"

"Hapana," Njue alinong'ona. "Nilipita tu kukujulia hali."

Mwiti alikufa Jumatatu asubuhi, kabla hakimu hajamwita.