Kundi Lisilo na Beberu

Kitu cha kwanza kilikuwa harufu.

Ilikuwa adhuhuri, jua la jangwa la Guajira, lile ambalo ukisahau sufuria nje unaikuta imelegea kama nta. Telesforo alikuwa amejilaza kwenye machela yake iliyoning'inia chini ya banda la kivuli, pua ikapigwa na harufu ya mbuzi. Si mbuzi watatu wala wanne. Kundi zima, lenye jasho na vumbi, linapita karibu kabisa. Akainua kichwa. Mbuzi wa nyumba ile wote walikuwa zizini, wamelala, wanacheua.

Aliyesimama ni Kanali peke yake. Kanali ndiye beberu, rangi ya kahawa, paji jeupe, pembe zimejikunja mpaka unashangaa anapitaje mlangoni. Kuanzia Uribia hadi Maracaibo, asiyemjua Kanali huyo hakuwa mtu wa mbuzi. Alikuwa ametazama kaskazini magharibi, upande wa Jepira wanakokwenda wafu. Masikio wima. Akalia mara moja, kama anayeitikia mtu.

Telesforo akarudisha kichwa chini akajifanya amelala. Alfajiri ya siku hiyo alikuwa amesema uongo.

Katika nyumba ile, kama katika nyumba zote za Wawayuu, wenyeji wa jangwa lile la mpakani mwa Kolombia na Venezuela, kahawa hainyweki kabla watu hawajaambiana ndoto. Dada yake, Rosmira, ndiye huuliza. Nyumba ni yake na moto ni wake.

"Umeota nini, kaka?"

"Sijaota kitu."

"Wewe? Juzi hapa umeota umeoa wanawake wawili wa Maracaibo, ukasimulia mpaka kahawa ikapoa."

"Leo nimelala kama gogo."

Na alikuwa ameota. Alikuwa amemwota marehemu mjomba wao, yule ambaye jina lake halitajwi tena, amesimama, miguu imejaa vumbi mpaka magotini, fimbo mkononi. "Mwanangu," alimwambia, "mbuzi mlionichinjia wamenitawanyikia njiani. Hawana wa kumfuata. Niletee Kanali."

Hapo ndipo palipouma. Siku ya msiba walichinjwa mbuzi wengi, damu ilikuwa kama mto umepita pale, watu wakala mpaka mbwa wakasusa. Mnyama anayechinjwa msibani hafi bure, anakwenda na mwenyewe mpaka Jepira. Kanali alikuwa mali ya marehemu na ndiye aliyekuwa awaongoze wenzake. Lakini siku ile Telesforo alitangaza kwamba Kanali amepotea, na msiba ulipokwisha akatangaza kwamba amerudi mwenyewe. Watu wakasema, huyu mnyama ana akili. Yeye akacheka nao.

Asubuhi iliyofuata Rosmira alimgeukia binti yake, Yelitza. Alikuwa na miaka saba, msichana wa mwisho aliyebaki katika ukoo ule, na ukoo wa Wawayuu unapita tumboni mwa wanawake. Yelitza akiondoka, basi, hakuna tena.

"Nimemwota babu," akasema mtoto.

"Babu yupi?"

"Yule tusiyemtaja. Kaniambia nijifunze kupiga mluzi wa kuita mbuzi. Nikamuuliza mbuzi gani, akasema kamuulize mjomba wako, anajua."

Rosmira akamtazama kaka yake. Birika lilikuwa linafoka, hakuna aliyeligusa.

"Unajua nini wewe?"

"Mtoto kala mahindi mabichi jana," Telesforo akajibu, akacheka ile sauti yake inayosikika mpaka Venezuela. Ilimtoka ikiwa imepinda.

Mchana wakasikia wote. Kwato, nyingi, zinatimka mchangani, zinakuja, zinaizunguka nyumba, zinarudi, kama wanyama waliopotea wanaotafuta mlango, na mchanga wenyewe umetulia, hauna hata alama moja. Rosmira alishika nguzo. Telesforo alijifunika kofia usoni. Walipokumbuka kumtafuta mtoto, machela yake ilikuwa tupu, inabembea.

Wakamkuta mbali, kwenye pampu ya upepo, anatembea kuelekea kaskazini magharibi na kijiti mkononi, macho wazi hayaoni, paji la uso baridi katika joto lile la kuua ndege, na midomoni mwake unatoka mluzi wa kukwaruza, mmoja mrefu na miwili mifupi, mluzi ambao Telesforo aliusikia utoto wake wote na ulizikwa na mwenyewe.

Jioni akasema nusu. Alimwambia dada yake kwamba ndiyo, ameota, marehemu anataka mbuzi.

"Mbuzi gani?"

"Mbuzi tu. Yeyote."

Rosmira hakungoja, akachinja jike lake zuri, akaita majirani, wakala. Telesforo alikaa nyuma ya zizi na Kanali, anamkuna paji, na kila alipomtazama yule mnyama alijiona kama anatazama kitu cha wizi. Lakini hakuweza. Kila mtu barabarani alikuwa anamwita Baba Kanali. Beberu akienda, yeye angebaki nani?

Na kesho yake mchana kundi halikuzunguka tena nyumba bali liliingia, lilipita chini ya kivuli katikati ya watu walioketi, vyungu vikagongana, machela zikasukumwa moja baada ya nyingine kama na mbavu za wanyama, manyoya ya joto yakamgusa Telesforo mkononi na hapakuwa na kitu, harufu ikawa nzito mpaka watu wakakohoa, na ndani ya machela yake mtoto, ambaye tangu asubuhi hakula wala kunywa, akacheka kidogo na kusema kwa upole, "Taratibu jamani, msikanyagane, nakuja."

Rosmira akatuma pikipiki ikamlete Bi Iraida.

Bi Iraida alikuwa mganga ambaye pepo wake, watu wanasema, waliwahi kumrudisha mtu aliyekwisha kuoshwa. Mwanamke mfupi, gauni pana, mashavu yamejaa tumbaku ya kutafuna. Hakusalimia. Alimkalia mtoto karibu, akatikisa kibuyu chake chenye kokoto, akaimba, akatema maji ya tumbaku, akaimba tena, mpaka sauti ikateremka, ikawa nene, ya kiume, yenye vumbi.

"Kama hakuna beberu wa kuongoza," ikasema, "nipeni mchungaji."

Telesforo aliijua sauti ile. Ndiyo iliyomfundisha kufunga kamba.

Kibuyu kikanyamaza. Bi Iraida akafuta mdomo, akarudi kwenye sauti yake mwenyewe, ya chini, ya uchovu.

"Kuna ndoto imefichwa humu ndani. Mtoto amekwisha kufika nusu ya njia, mimi nimemshika upindo wa nguo tu. Nani kaificha?"

Mtoto akapiga mluzi. Mmoja mrefu, miwili mifupi.

"Ni mimi," Telesforo akasema. "Anamtaka Kanali. Kaniambia tangu siku ya kwanza."

"Si ulisema mbuzi yeyote?" Rosmira akanong'ona.

"Nilidanganya. Na siku ya msiba hakupotea, dada. Nilimfunga kwa jirani Chepe, ng'ambo ya korongo."

Rosmira alimtazama kama anayemtafuta mtu mwingine usoni pale. "Mimi siku ile nilimtafuta juani mpaka nyayo zikatoka malengelenge. Na wewe ukanipa maji ya kunywa. Ukaniambia pole."

"Nilikupa."

"Mtoto wangu, kaka. Kwa sababu ya pembe?"

Telesforo akachukua kisu akaenda zizini. Alitegemea purukushani, maana Kanali akishikwa, hata wanaume watano hawakutosha. Lakini Kanali alikuja mwenyewe, akaweka shingo kwenye paja lake, akatulia. Afadhali angempiga pembe. Telesforo alikata huku analia kwa sauti, watu wote wanamsikia, damu ikazama mchangani mara moja kana kwamba chini palikuwa na mdomo.

Nyama waliila majirani. Yeye hakuonja.

Kundi lilipita mara moja tena, mbali kidogo na nyumba. Safari hii kwato zilikwenda kwa mstari, mbele yake mlio mmoja mzito wa beberu ambaye Telesforo na Rosmira walimjua wote wawili, zikaelekea Jepira, zikafifia. Yelitza akatokwa jasho jingi, akafumbua macho, akaomba uji wa mahindi.

Angekuwa mtu mwingine, mambo yangeishia hapo.

Asubuhi iliyofuata Rosmira aliuliza kama kawaida. Yelitza aliota mvua. Rosmira aliota kisima. "Na wewe, kaka?"

Telesforo akatafuta kichwani. Hamna. Wala giza hamna. Alifumba macho usiku na kuyafumbua alfajiri, na katikati hapakuwa na kitu chochote.

"Sijaota kitu," akasema.

Rosmira aliinuka, akafungua machela ya mtoto, akaenda kuifunga upande wa pili wa nyumba.

Ikawa hivyo kila siku. Angetoa mbuzi wote walio hai Guajira apate ndoto moja, hata ya kutukanwa. Aliapa kwa dada yake, akapiga magoti, akasema safari hii ni kweli. Dada yake akamimina kahawa akamsogezea kikombe bila kumtazama.

Mchana mmoja wa joto Yelitza alikuwa ameketi kivulini anapukuchua mahindi, mzima, mashavu yamejaa. Telesforo alimwangalia, akafurahi kidogo. Ndipo mtoto akaacha kupukuchua, akageuza kichwa kaskazini magharibi, na bila kujua anachofanya, midomo yake ikakusanyika ikatoa mluzi. Mmoja mrefu, miwili mifupi.

"Anataka nini?" Telesforo akanong'ona. "Yeli, mwanangu, babu anataka nini? Nitampa. Leo hii nitampa."

Mtoto akamtazama kwa mshangao.

"Mjomba, si huwa anakuambia wewe?"