Kinundu cha Jino la Chiriku

Fundi funguo alifanya kazi kwenye chumba cha mbele cha nyumba yake. Alikuwa na meza moja, taa moja na tupa za kila ukubwa. Ufunguo ukikwama, aliuinua kwenye mwanga, akaupitishia kidole, akasema, "Umezidi kidogo tu." Kisha alipiga tupa mara mbili tatu, na kufuli likafunguka. Watu walimsifu kwa mkono wake mwepesi, naye sifa alizipenda.

Binti yake wa miaka kumi na moja alishinda naye hapo kila akitoka shule. Walimwita Chiriku, maana mdomo wake haukuwa na breki. Aliongea na wateja. Wateja wakiisha, aliongea na makufuli.

Alasiri moja alisema, "Baba, hili jino langu jipya linanigonga nikitafuna."

"Hebu achama."

Baba akavuta taa. Lilikuwa jino la chini, upande wa kushoto, nyuma ya chonge. Katikati ya sehemu ya kutafunia palisimama kinundu kidogo, mfano wa punje ya mchele.

"Ahaa! Kimezidi kidogo tu," alisema.

Masikini, hakuwa mzembe. Alichagua tupa nyembamba kuliko zote. Aliichemsha kwenye maji, akanawa mikono kwa sabuni. Kisha akasugua, mara mbili tatu, kama kawaida yake. Chiriku akaruka kwenye kiti na kupiga yowe. Pale kilipokuwa kinundu palibaki kitone chekundu, kidogo kama ncha ya sindano.

"Basi, basi, mwanangu. Imekwisha. Tusimwambie mama, atatupigia kelele sote wawili."

Chiriku alicheka huku machozi yanamtoka. "Sisemi, baba. Haki ya Mungu."

Na kweli hakusema. Mtoto asiyeweza kunyamaza hata usingizini alinyamaza. Maji baridi yalimchoma, akayaacha. Alihamia kutafuna upande wa kulia. Baada ya wiki kadhaa maumivu yakaisha yenyewe. Baba alipomuuliza, alisema, "Limepona." Baba akashusha pumzi.

Mwezi wa tatu tangu siku ile, Chiriku aliamka shavu limevimba na mwili wa moto. Kwenye ufizi palikuwa na kijipu kinachotoa usaha. Mama yake alishika kichwa.

"Mwanangu, umeanza lini kuumwa?"

Chiriku alimtazama baba yake, akafumba mdomo. Jambo hilo lilimuuma baba kuliko tusi lolote. "Ni mimi," alisema. "Nimelisugua jino lake kwa tupa."

Mama hakupiga kelele. Alichukua mtandio wake, akamshika mtoto mkono, akatoka. Baba aliwafuata nyuma mpaka hospitali.

Daktari wa meno alikuwa mama wa makamo, mpole. Alisikiliza kisa cha tupa, akatazama kinywa chote, akagongagonga meno taratibu, akapiga picha ya eksirei. Kisha akawaonyesha ile picha.

"Baba, kile kinundu hakikuzidi. Watoto wengine meno yao huumbika hivyo. Si uchafu wala si kosa la mtu. Lakini ndani ya kinundu mara nyingi hupanda kijinyama cha jino, chenye damu na mishipa ya fahamu. Ulipokikata, uliufungua mlango. Vijidudu viliingia."

"Lakini maumivu yaliisha, daktari."

"Yaliisha kwa sababu kijinyama kilikufa. Jino likiacha kuuma bila tiba, usiseme limepona." Akaweka kidole kwenye picha. "Mzizi ulikuwa bado unajengwa. Sasa umeacha kukua, na mfupa unaoushika umelika. Mngekuja siku ile ile, pengine tungeliokoa. Leo nalitoa."

Baba alitamani ardhi ipasuke immeze. Alisogea amshike binti yake mkono. Chiriku akauvuta mkono wake.

"Baba akae nje," alisema.

Akakaa nje. Aliitazama mikono yake iliyosifiwa miaka yote, akalia bila kujificha.

Waliporudi baada ya wiki mbili, daktari alimwita baba ndani. "Njoo uone. Upande wa kulia lipo jino jingine lenye kinundu. Mara nyingi huja mawili. Hili bado zima."

"Utalifanyaje?"

"Nakizungushia kinundu dawa ngumu yenye rangi ya jino, kisivunjike anapotafuna. Kila baada ya miezi michache nakipunguza kidogo sana, ili jino lipate muda wa kujijengea ukuta kwa ndani. Na eksirei zitatuonyesha kama mzizi unakua."

"Na mtu atajuaje nyumbani?" mama aliuliza.

"Meno mapya yakitoka, mwangalieni mtoto. Mkiona kinundu, meno mawili yaliyoungana, kishimo nyuma ya jino la mbele, au jino dogo kuliko wenzake, msiguse. Mleteni hata kama haliumi."

Mwaka mzima baba alimpeleka Chiriku hospitali bila kukosa miadi hata moja. Njiani waliongea habari za shule, lakini habari ya meno hapana. Nyumbani mtoto alipiga mswaki mlango umefungwa. Akicheka mbele ya baba yake, aliweka kiganja mdomoni. Baba hakumlaumu. Angemlaumu kwa lipi?

Siku ya eksirei ya mwisho daktari alitabasamu. Mzizi wa jino la kulia ulikuwa umekamilika, mrefu na mnene. Jino lilikuwa hai. Kushoto palibaki pengo, na daktari alisema watalizungumzia akishakua.

Jioni ile baba alikuwa mezani anafunga kazi. Chiriku akaja, akasimama karibu na taa. Akaivuta taa mwenyewe, akaielekeza usoni pake.

"Baba, angalia jino langu," alisema. "Kwa macho tu."

Akaachama. Baba akaweka tupa chini, akaificha mikono yote miwili mgongoni, akainama kuangalia.