Sauti ya Babu Inakatika

Mtaani wanamwita Mzee Pindo. Alishona nguo za watu miaka arobaini. Sasa macho hayaoni tundu la sindano, na mkewe ameshafariki. Binti yake wa pekee anafanya kazi nchi ya mbali. Nyumba ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Mzee hupika kidogo, akala nusu, akaosha sahani moja.

Kila alasiri huketi mbele ya kompyuta aliyoachiwa na binti yake. Huwasha programu ya kurekodia, akamsimulia mjukuu wake hadithi, kisha akamtumia. Mjukuu ana miaka minne, anaishi huko mbali na mama yake. Hajawahi kumshika babu yake mkono.

Siku moja binti akapiga simu.

"Baba, hadithi hazieleweki. Sauti inakatika. Kobe anaingia kisimani, mara kimya, mara yuko kwake anakula! Mtoto hataki tena kusikiliza."

Maneno hayo yalimchoma mzee. Mtoto akikataa hadithi, atamjuaje babu yake? Alidhani kosa ni la koo lake. Akanywa maji ya moto. Akapaza sauti. Mwisho akaanza kusema kila neno mara mbili, ili likipotea moja, la pili lifike.

Jirani wa ghorofani alimsikia kupitia dirishani. Yeye ni fundi mitambo wa kituo cha redio, mama mwenye utani mwingi. Akashuka.

"Hodi! Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nisamehe kwa umbea wangu. Huyo kobe mbona anatoka mara mbili mbili?"

Mzee akacheka. Hakuwa amecheka wiki nzima. Akamweleza shida yake.

"Koo lako ni zima," fundi akasema. "Kompyuta ndiyo imeelemewa. Fikiria bomba linalotiririka. Ukikinga maji kwa kikombe, lazima ukimwage kila mara. Ukiitwa kidogo tu, maji yamefurika. Sauti nayo hukingwa hivyo hivyo."

"Kwa hiyo nikinge kwa ndoo?"

"Umeniwahi!" Fundi akafungua mipangilio ya sauti. "Hapa, kwenye ukubwa wa chombo cha kukingia sauti, wameandika 64. Hicho ni kikombe. Tuweke 512. Ukijisikiliza kwa spika za masikioni utajisikia umechelewa kidogo, lakini kwa hadithi haidhuru. Chomeka na chaja, kompyuta isibane matumizi ya umeme."

Wakajaribu. Mzee akahesabu moja mpaka sitini. Wakasikiliza. Kumi na tisa haikuwepo. Arobaini na mbili pia.

"Kuna kingine kinachokula nguvu za kompyuta," fundi akasema. "Hii programu ya simu za video umeifungua tangu lini?"

Mzee akatazama chini. "Tangu mwaka jana. Siifungi kabisa. Binti yangu akipiga, asinikose."

"Hupiga lini?"

"Jumapili. Si kila Jumapili."

Fundi hakuleta utani hapo. "Mzee wangu, unaporekodi, funga kila kitu kingine. Hata hii. Nusu saa tu."

"Na akipiga?"

"Atakupigia simu ya mkononi."

"Ya mkononi haina uso wa mtoto."

Hata hivyo akaifunga. Aliona kama amemfungia binti yake mlango. Akahesabu tena. Safari hii namba zote sitini zilikuwepo.

Fundi alipoondoka, mzee alirekodi hadithi ya kobe tangu mwanzo. Kila neno alilisema mara moja. Mwishoni akasema, "Lala salama, mjukuu wangu." Kisha akafungua haraka ile programu ya simu. Hakuna aliyekuwa amepiga. Ilimuuma. Akaituma hadithi, akaenda kuosha sahani yake.

Siku ya tatu binti akaandika: "Baba, sasa inasikika yote. Anaisikiliza kila siku. Ukisema lala salama, anakujibu, 'Na wewe, babu.' Ila hadithi inaisha hapo hapo, na yeye hajamaliza kusema. Analalamika humsubiri."

Mzee akaisoma mara tatu. Akafuta macho. Akachomeka chaja, akafunga kila kitu, akaanza hadithi mpya.

"Lala salama, mjukuu wangu," akasema mwishoni.

Hakuzima. Alikaa kimya chumbani peke yake, kwa muda ambao mtoto wa miaka minne anahitaji kujibu.

"Ahsante," akasema, kisha akazima.