Gia Mpya ya Gari la Onema

Jumamosi ile nilikuwa natwanga sombe, majani ya muhogo, uani kwa Mama Odile. Redio ya jirani ilikuwa inapiga nyimbo za kanisa, na mdogo wangu Ngeleka alikuwa amelala kifudifudi juu ya viti vya gari bovu, anafunga gia mpya. Nawaambia hivyo msije mkadhani ni mambo ya usiku wa manane. Ulikuwa mchana kweupe, na mimi Tshibola si mtu wa kuota ota.

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jekundu, la viti viwili tu, moja la yale ya mbio ya enzi za Wabelgiji. Marehemu Onema, mume wa Mama Odile, alilileta kwa treni kutoka Lubumbashi na alilipenda kupita kiasi. Vita vilipofika hapa Kindu, aling'oa levye, yaani kile chuma cha kubadilishia gia, akakitupa mtoni Lualaba ili askari wasiondoke na gari lake. Askari wakaja kweli. Wakakuta tundu tupu katikati ya viti.

Mmoja wao alijua magari. Akasema gia zinaweza kubadilishwa kwa vidole, kupitia tundu lile lile. Basi wakamketisha Onema kwenye kiti cha abiria, wakamwinamisha, wakauingiza mkono wake tunduni hadi kiwiko. Dereva akawa anamfokea, "Moja! Mbili! Tatu!" Wakaondoka hivyo kwa barabara ya Kibombo.

Baadaye gari likakutwa kando ya reli, tupu. Onema hakuonekana tena, hata nguo yake. Mama Odile alikuwa na mimba ya Nathalie. Majirani walilisukuma gari mpaka nyumbani, nalo likakaa pale miaka yote hiyo, kuku wakitaga ndani yake.

Sasa Ngeleka alikuwa amuoe Nathalie, na binti alikuwa na ombi moja tu: afike kanisani ndani ya gari la baba ambaye hakuwahi kumwona. Nani angemkatalia? Ngeleka ni fundi wa reli, kama baba yetu aliyetoka Kasai. Alifufua injini, akaagiza gia fupi ya kisasa badala ya levye ile, ikaja kwa ndege kutoka Goma. Mimi nilimwambia aliache gari la watu. Akanicheka. Ngeleka nilimbeba mgongoni mama yetu alipofariki, sina mwingine, ndiyo maana namgombeza sana.

Mafundi wa reli wana desturi yao. Wa juu akiteremsha chuma, anasema "Shika." Wa chini akikipokea, anajibu "Nimeshika." Bila jibu, wa juu haachii. Siku hiyo wa chini alikuwa rafiki yake Louis.

"Shika," Ngeleka akasema.

"Nimeshika."

Sauti ilitoka chini, taratibu. Ngeleka akaachia, akakaza skrubu. Ndipo Louis akaingia getini na kopo la grisi, jasho linamtoka.

"Mungoje kwanza," akasema. "Sijaingia chini."

Nikaacha kutwanga. Nikainama, nikachungulia chini ya gari. Kulikuwa na mchanga tu. Ngeleka akainuka, akaninong'oneza mimi dada yake mkubwa, "Ni masikio yetu inatudanganya, yaya. Usimuambie Nathalie." Nilimsihi asiliwashe. Lakini Mama Odile alikuwa barazani, na mwanamume mbele ya mama mkwe hataki kuonekana mwoga.

Akaketi kwenye usukani, akawasha. Injini ikaitika. Nathalie akatoka mbio, akapiga vigelegele. Mimi nilisimama kwenye mlango wa abiria. Ngeleka akakanyaga klachi. Mkono wake ulikuwa bado hewani.

Gia ikaingia yenyewe. Taratibu. Namba moja.

"Yaya," akanong'ona. "Haiko mimi."

"Toka!"

Akaishika gia ili airudishe. Mkono ukabaki pale. Nilimwona akivuta. Bega lilivuta, shingo ilivuta, vidole havikufunguka. Gari likaanza kutembea. Mguu wake ulikuwa juu ya breki, niliuona kwa macho yangu. Halikusimama.

"Univute, yaya."

Nikamvuta shati. Likachanika. Nikaanguka getini. Namba mbili, niliisikia. Namba tatu. Likakata kona. Gia zilibadilishwa vizuri, bila kukwaruza, na mtu aliyeizoea kazi hiyo.

Tulilikuta kabla ya jua kuzama, kando ya reli. Ngeleka alikuwa hai. Alikuwa kwenye kiti cha abiria, amejipinda, mkono wa kulia umezama tunduni hadi kiwiko. Gia mpya haikuwapo. Niligusa kiti cha dereva. Kilikuwa na joto la mtu aliyeinuka sasa hivi.

Harusi haikufungwa. Mdogo wangu anashinda kwenye kiti uani kwetu, analishwa, anatazama mbele tu. Mkononi ana alama nyeusi za grisi, vidole vitano, za mtu aliyemshika kutokea chini. Tumeziosha kwa sabuni, kwa majivu, kwa petroli. Padri amekuja, shehe amekuja. Jioni zinatoka, asubuhi zipo. Mwanzo zilikuwa kwenye kifundo cha mkono. Kisha zikapanda hadi kwenye kiwiko. Nathalie huja, anaushika mkono ule mwingine, analia mpaka anachoka, anakwenda zake.

Hasemi kitu Ngeleka, ila tukibaki wawili ananinong'oneza kwamba nimvute. Yuko hapo mbele yangu, ameketi kwenye kiti cha mbao. Namkumbatia kifuani, nakaza miguu, navuta kwa nguvu zangu zote. Hasogei hata kidogo. Leo asubuhi nimemvua shati nimwogeshe. Vidole vimefika begani.