Kofia ya Taa Nyekundu

Mnanichosha na hadithi hii, tena mnaiomba wakati wa kula! Haya. Shoga yangu mshonaji alikwenda saluni kuoteshwa nywele utosini kwa kofia ya taa nyekundu. Akaikuta inanata jasho la wengine.

"Mwenzangu, hii huifuti?"

Msusi akaipangusa kwa kiganja, akacheka. "Taa inaua uchafu wote, dada. Vaa."

Akavaa. Mara umeme ukakatika. Gizani akasikia kwaru, kwaru, kama panya anatafuna ufagio. Akaivua kofia, akajipapasa: kipara kilekile, laini kama yai.

Umeme uliporudi, nywele zilikuwa zimeota kwenye kiganja cha msusi, nyeusi na mvi, zimelowa.

Msusi huzinyoa kila asubuhi. Mchana zimerudi, zinanuka vichwa vya wateja wake wote.