Wimbo Uliokatwa Mwisho

Siku Luhaga alipokutana na Shija, soko la Bariadi lilikuwa halipitiki. Wakulima wa Sapiwi walikuwa wameshauza pamba, na kila mmoja alitaka simu. Ilikuwa mwaka 2009, makampuni ya simu yanagombania hadi kuta za vyoo kupaka rangi zao. Luhaga, kijana mrefu mwenye shati lisilojua pasi, alipenya katikati ya kelele ameshika kinasa sauti. Kazi yake ilikuwa ngeni mjini pale: alitunga muziki wa magemu ya simu kwa kampuni moja ya Dar es Salaam. Mama yake aliwaambia majirani kuwa mwanawe ni fundi redio, yaishe.

Kwenye meza ya vitenge miguu ilimgoma. Msichana mwenye gauni la njano, nywele kazibana kwa kitambaa cheusi, alikuwa akikunja vitenge huku akiimba kwa chini, bila maneno. Luhaga akasogeza kinasa sauti.

"Kaka, unanunua au unaniibia?"

"Naiba kidogo tu. Endelea, mrembo."

"Mrembo ana jina. Naitwa Shija."

"Aa, kumbe umefuata mapacha! Kulwa na Doto wako wapi niwaamkie shemeji zangu?"

Tabasamu la Shija lilipungua. "Wapo nyumbani," alisema, na kumaliza wimbo wake.

Miezi miwili ikapita kwa simu asubuhi na mchana.

"Umekula, mpenzi?"

"Bado. Nasubiri sauti yako kwanza."

"Basi utakonda, shauri yako!"

Wakati huo Luhaga alikuwa akitunga muziki wa gemu la mtu aliyepotea msituni. Mtu huyo akifa, wimbo unazunguka mpaka mchezaji abonyeze kuanza upya. Luhaga aliuchukua wimbo wa Shija, akaupigia kinanda juu yake, kisha akaukata mwisho, kwa sababu mwisho ule ulishuka na kutulia, na muziki wa gemu hautakiwi kutulia. Aliuunga kichwa na mkia, ukawa unazunguka bila kufika.

Keneth, bosi wake, alipiga simu akicheka. "Umetisha! Watu wanakufa makusudi ili wausikilize!"

Kufika Oktoba wimbo ulikuwa kwenye kila simu Bariadi. Luhaga akampelekea Shija kama zawadi. Shija aliisikiliza simu mara tatu.

"Mwisho wake uko wapi?"

"Nimeukata, mpenzi. Gemu halitaki mwisho."

"Luhaga! Kwa wimbo huu mama anawaita Kulwa na Doto. Walikufa kabla sijazaliwa. Kila jioni anawaita, anawapa uji, kisha anaimba mwisho wake ili warudi walikotoka. Kwetu pacha haliliwi, anaagwa. Wewe umewaita kwenye simu ngapi?"

"Mbona uliniambia wapo nyumbani?"

"Kwa sababu wapo!"

Akaondoka, na kwa siku tisa hakupokea simu. Luhaga alijuta hadi chakula kikamshinda. Siku ya sita, jua la saa saba likiwaka, aliona kwenye vumbi la mlango wake nyayo ndogo za watoto wawili, mbichi kwa maji, na mvua ilikuwa haijanyesha. Benedikta muuza chai akamuuliza, "Luhaga, mapacha hawa umewatoa wapi? Wamekukalia mlangoni tangu asubuhi." Luhaga aligeuka. Hakuona mtu.

Siku ya kumi Shija alipiga. "Njoo. Mama hatoki chumbani. Anasema wamekuja kukaa naye hadi Jumapili, kisha wanaondoka naye."

Luhaga akampigia Keneth, akamtaka autoe wimbo.

"Ukitoka wimbo, na wewe umetoka."

"Basi nimetoka," alisema Luhaga, na moyo ukamuuma, maana kazi ile aliipenda kuliko nafsi yake. "Na uliomo kwenye simu za watu?"

"Huo, ndugu yangu, haurudi tena."

Alimkuta Mama Kulwa mkekani, amekonda, mabakuli mawili ya uji mbele yake. Alikuwa na furaha, na furaha ile ndiyo iliyomtisha Luhaga.

"Mwadeela, mayu," alimwamkia mama kwa Kisukuma. "Nimekuja unifundishe kuwaaga."

"Ndiwe uliyewaleta? Wabeja, asante, mwanangu. Miaka ishirini na sita nimewafukuza wanangu kila jioni. Leo wamelala mapajani mwangu. Siwaagi."

Shija alipiga magoti akilia. "Mayu, na mimi je? Mimi ndiye niliyebaki. Wiki nzima hujanitaja jina."

Vijiko kwenye mabakuli vilikuwa vikikoroga uji polepole, wala hapakuwa na mkono. Mama alivitazama, akamtazama Shija muda mrefu.

"Shija," alisema. "Umekonda, mwanangu."

Ndipo akaimba. Wimbo ulipanda, ukashuka, ukafika kwenye maneno ya Kisukuma yanayowaambia watoto kwamba ng'ombe wameshaingia zizini, nao waende kwao. Vijiko vikasimama. Mama akalia kilio alichokatazwa tangu siku ya msiba, kichwa chake kifuani kwa Shija.

Lakini simu za Bariadi hazikunyamaza. Kila siku kulikuwa na mtu aliyekufa kwenye msitu wa gemu, na kila siku wimbo uliita. Shija alimweleza Luhaga uani, macho mekundu bado.

"Nitaolewa na wewe, usihangaike kupiga magoti. Ila anayeingia nyumba hii anapokea zamu ya kuwaaga. Leo mama, kesho mimi, keshokutwa wewe."

"Mpaka lini?"

"Mpaka simu ya mwisho izimike."

"Nakubali, mpenzi. Nakubali yote."

Keshokutwa, jua likizama, Luhaga alisimama mlangoni. Aliimba hadi neno la mwisho. Alipolitamka, mikono miwili midogo ya baridi, mmoja kulia na mmoja kushoto, ambayo hakujua kwamba ilikuwa imemshika, ikamwachia.